Kiporo

Chini ya betri kuukuu ya trekta, karakana ya Busitema,
tulikuta daftari la kaunta la baba,
pembe zimeliwa na mende, jalada linanuka grisi.
Kaka yangu Oketcho alikuwa amekwisha kuwasha moto wa takataka.
Nikalinyakua.

Ndani, kwa mwandiko wake wa kubana,
msimamo wa ligi ya kanda, daraja la tatu, mwaka tisini na moja,
Usovieti, huko nyikani alikopelekwa kusomea injini za dizeli.
Wachimba Makaa. Kiwanda cha Sukari. Reli.
Trekta, iliyopigiwa mstari mara mbili: hiyo ndiyo yake.
Na nyingine ambazo siwezi kuzitamka
bila kuhisi nimemeza mwiba wa samaki.

Alipenda kutusimulia alivyochora uwanja.
Chokaa haina kazi juu ya theluji, alisema,
nyeupe juu ya nyeupe, hata refa angepotea njia.
Basi alisukuma toroli la masizi ya tanuri,
mgeni pekee mjini, pumzi ikimtoka kama moshi wa bomba,
akachora boksi jeusi, duara jeusi,
na mabibi wa jukwaani, mbegu za alizeti mashavuni,
wakampigia makofi kuliko walivyowapigia wachezaji.

Mechi ya mwisho ilikuwa Trekta na Reli.
Reli walikuwa na basi. Basi halikuwa na mafuta.
Refa alisubiri, akatazama saa, akapuliza kipenga
mbele ya uwanja mtupu na mbwa mmoja.
Ikaandikwa kiporo.
Kisha Desemba redio ikasema nchi haipo.

Nani apande sasa, nani ashuke,
na ngazi yenyewe imeng'olewa ukutani?
Trekta walikuwa wanashika mkia.
Hawakushuka. Nchi iliwatangulia.

Akarudi nyumbani na koti zito
ambalo Busitema haikuwahi kuwa na siku yake.
Matrekta ya msaada, ndugu wa yale ya kule,
yalikuwa majanini, kuku wakitaga kwenye viti.
Alifungua injini moja baada ya nyingine, akazifunga tena.
Chakula kilicholala, mama alisema, ama ukipashe moto ama ukimwage.
Sidhani alikuwa anazungumzia mpira.

Jumapili moja ya mwaka tisini na nne
akawagawa wanafunzi: mwaka wa kwanza Reli,
mwaka wa pili Trekta.
Akaandika tarehe. Akatafuta toroli.
Na kwa ubishi ambao mama hadi leo hausamehi
akachora mistari kwa masizi
juu ya majani yaliyoungua wiki ile ile.
Nyeusi juu ya nyeusi.
Hakuna aliyeiona ila yeye.

Moja kwa moja, dakika zimebaki kumi,
Emojong wa Trekta akaangushwa.
Ndani! Nje! Refa, mpishi wa chuo, akapiga magoti,
akanusa ardhi kama anayetafuta shilingi.
Wakabishana mpaka mvua ikaja kutoka upande wa Tororo
ikafuta hata kile kisichoonekana.

Hapa, ukurasa wa mwisho: Trekta, kistari, Reli,
nafasi mbili tupu,
na chini yake, kwa wino mwingine, *Mvua. Itarudiwa.*

Nilikuwa na miaka tisa, nyuma ya goli, muokota mipira.
Nilimwona Emojong alipoanguka.
Nje. Hatua mbili nje, karibu na kichuguu.
Sikusema. Baba alikuwa wa Trekta,
na alisimama kwenye mvua lile koti limemlowa mabegani,
siku pekee nilipoliona likivaliwa.

Hakuwahi kuniuliza.
Oketcho anauliza kama kuna kingine cha kuchoma.
Nina kalamu mkononi, na kifuniko chake mdomoni.